Kumtungia Mtu Usiyemjua

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu, walimu wenzangu, vijana, mabibi na mabwana,

Mliponialika mlinitaka nieleze jinsi zama za kisasa zilivyobadili sanaa, jamii na namna watu wanavyofikiri. Ningeweza kuanzia Ulaya, kwenye mitambo ya chapa na viwanda, na wengi wamekwisha kufanya hivyo vizuri kuliko ninavyoweza mimi. Naomba ruhusa yenu nianzie kwetu, katika visiwa vya Lamu na Pate, nishuke Mombasa, Unguja na Dar es Salaam, kisha nipande hadi Ukerewe, kwa sababu huku ndiko ninakoijua kazi yenyewe kwa kuisikia na kuishika mkononi. Na kila nitakapotua nitauliza swali moja tu: huyu mtunzi, huyu mwimbaji, huyu mchongaji, alikuwa akimfanyia nani kazi yake?

Nimefundisha ushairi kwa miaka mingi, na kadiri ninavyozidi kuusoma ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba swali hilo ndilo linalofungua mlango. Zamani kazi ya sanaa ilikuwa na mwenyewe, mtu mwenye jina na sura, aliyekaa karibu kiasi cha kujibu. Usasa ulipoingia, mtunzi alianza kumtungia mtu asiyemjua, ambaye hatamwona uso wala hatasikia jibu lake, na badiliko hilo likageuza umbo la shairi, urefu wa wimbo, uzito wa kinyago, nafasi ya mwanamke mjini, na hata jinsi mtu anavyokaa peke yake na mawazo yake.

Mwaka 1858, katika visiwa vya kaskazini, Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mgonjwa. Alikuwa mjane wa Sheikh Mohammed Ishaq, mtawala wa Siyu, mji wa kisiwa cha Pate, ambaye watu walimwita Bwana Mataka. Alimtungia binti yake utendi wa beti mia moja na ushei, ambao mpaka leo hakuna mwanafunzi wa Kiswahili asiyeusikia. Anamwita mtoto asogee. Anamwambia akae na wino na karatasi, kwa maana ana neno moyoni alilotaka kumwambia. Anamweleza kwamba maradhi yamemshika hata umetimia mwaka, na muda wote huo hajapata kumpa wasia mwema. Tazameni hali hiyo: chumba, mama aliyelala, binti aliyekaa mbele yake, kalamu na wino. Shairi zima limesimama juu ya ukaribu huo. Ukimwondoa binti, beti za mwanzo hazina pa kukanyaga.

Mama yangu mzazi alizijua nyingi kati ya beti hizo. Alizighani jioni akisuka ukili, vidole vinakwenda na mizani, na alipofika mwisho wa ubeti aliukaza ukili kama mtu anayeweka nukta. Nilipokuwa mwanafunzi wa sekondari nilimpelekea kitabu chenye utendi ule umechapwa kwa herufi za Kirumi, nikamsomea. Alinisikiliza kwa adabu mpaka nilipofika mahali fulani, akasimamisha mikono, akasema, "Hapo sivyo tulivyofunzwa, mwanangu." Nikamwonyesha kwamba ndivyo kilivyosema kitabu. Akanijibu kwamba kitabu hakikufunzwa na mamake. Sikumwelewa siku ile. Niliona aibu kidogo kwa niaba yake, nikidhani amekosea, na ilinichukua miaka kujua kwamba kila nyumba ilikuwa na njia yake ya kuupokea utendi, na kwamba kitabu kilikuwa kimechagua njia moja na kuzifunga nyingine zote.

Ili tuone ukubwa wa jambo hili, hatuna budi kuutazama mwandiko wenyewe. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne nyingi, na Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728, ni ushahidi wa fahari. Lakini katika mwandiko wa zamani, kabla wanazuoni hawajaongeza alama za kutenganisha sauti, herufi moja ya ba ilibeba b, p na mb, na alama moja ya irabu ilitumika kwa i na e, nyingine kwa u na o. Maneno "bata", "pata" na "mbata" yangeweza kuandikwa vilevile kabisa. Mgeni angebabaika. Mwenyeji hakubabaika, kwa sababu alikuwa amekwisha kulisikia shairi kabla hajalisoma, na karatasi ilikuwa inamkumbusha tu kile alichokijua. Wapo wanaosema kwamba herufi zile zilikuwa na upungufu. Mimi naona zilitosha kwa kazi iliyokusudiwa, yaani kusomwa na mtu wa nyumbani.

Herufi za Kirumi zilikuja na wamisionari na, baadaye, serikali. Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na kamusi yake kubwa ilitoka mwaka 1882. Faida ya herufi hizo ilikuwa kubwa na sitaibeza: kijana wa Tabora au Songea, ambaye hajapata kusikia hata ubeti mmoja ukighaniwa, aliweza kushika karatasi na kutamka kila neno sawasawa. Lakini hasara yake haitajwi mara nyingi inavyostahili. Mzee wa Lamu au wa Kilwa, aliyeandika barua, mikataba na tenzi kwa mkono mzuri maisha yake yote, alijikuta katika utawala mpya akihesabiwa kuwa hajui kusoma wala kuandika. Elimu yake haikupungua hata chembe. Aliyebadilika ni msomaji aliyekusudiwa.

Nitue Mombasa kidogo, kwa Muyaka bin Haji, aliyefariki karibu na mwaka 1840. Muyaka aliishi katika mji uliokuwa ukivutana na Seyyid Said wa Unguja, wakati Wamazrui, ukoo uliotawala Mombasa, wangali na nguvu, na mashairi yake yalipita mdomoni mwa watu kama habari za mji. Alimjibu mtu, alimchokoza mtu, alimtega mtu fumbo. Mashairi hayo yaliokolewa na Mwalimu Sikujua, mwanazuoni wa Mombasa, aliyeyakusanya na kuyaeleza, akishirikiana na mmisionari W. E. Taylor, kisha yakachapwa kuwa diwani Johannesburg mwaka 1940, miaka mia moja baada ya mtunzi kuzikwa. Ninapoifundisha diwani hiyo, sehemu inayoniuma ni ile ambapo mimi na wanafunzi wangu tunaliona jibu mbele yetu, limekamilika, lina vina na mizani, lina hasira au kicheko ndani yake, na swali lililoulizwa limekwenda na aliyeliuliza. Maneno yote tunayajua. Tusichokijua ni nani alikuwa amekaa upande wa pili wa baraza. Msomaji wa diwani hiyo ni mtu ambaye Muyaka hakupata kumwazia, na maelezo ya Mwalimu Sikujua ni juhudi ya mtu mwema kutusogezea kiti kwenye baraza lililokwisha kuvunjika.

Magazeti yalijenga baraza la namna nyingine. Msimulizi lilitoka Kiungani, Unguja, mwaka 1888. Kiongozi lilifuata Tanga tangu 1904, wakati wa Wajerumani, na Mambo Leo likaanza Dar es Salaam mwaka 1923. Haya yalikuwa magazeti ya misheni na ya serikali, na hatupaswi kusahau ni nani aliyekuwa na ufunguo wa kiwanda cha chapa. Hata hivyo, kwenye kurasa za mashairi watu walifanya jambo ambalo wenye kiwanda hawakulipanga. Karani wa Tanga aliuliza swali kwa shairi, mwalimu wa Tabora akalijibu mwezi uliofuata, na wa tatu, wa mji mwingine, akawasuluhisha, na watatu hao hawakupata kuonana maisha yao yote. Majibizano yalikuwa yaleyale ya Muyaka, lakini yamenyooshwa juu ya nchi nzima. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909, alikulia kalamu katika ulimwengu huo. Saadani Kandoro naye alitoka humo, na si ajabu kwamba mtu aliyezoea kubishana kwa vina na watu asiowajua, na kukuta kwamba wanafikiri kama yeye, baadaye alikuwa miongoni mwa walioianzisha TANU mwaka 1954. Kabla Tanganyika haijawa na bendera, wasomaji wa ukurasa ule walikwisha kuzoeana.

Mwaka huohuo wa 1954, Sheikh Kaluta Amri Abedi alichapisha kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi pamoja na diwani yake. Kinataja vina vya kati na vya mwisho, mizani nane kwa nane, na namna ya kuepuka guni, yaani shairi lenye kasoro ya vina au mizani. Kwa muda mrefu kitabu hiki kimechukuliwa kuwa sauti ya ukale, na vijana walipotaka kuushambulia ushairi wa jadi walikishambulia hicho kwanza. Naomba nikitetee kwa njia tofauti na iliyozoeleka. Naona ni kitabu cha kisasa kabisa. Mtoto aliyekulia Pate hakuhitaji kuandikiwa kwamba ubeti una mishororo mingapi. Alizipata kunga za fani masikioni kabla hajaota meno ya ukubwani. Anayehitaji sheria ziandikwe ni mwanafunzi ambaye mwalimu hatamwona, aliye mbali na baraza, na ambaye ana haki ya kutunga kama mwenyeji. Sheikh Kaluta aliijua haja hiyo kwa sababu mizizi yake ilikuwa Ujiji, mwisho wa njia ya misafara, ambako Kiswahili kilifika kwa miguu. Aliyeandika sheria aliufungua mlango, ingawa waliokuja baadaye waliona ameufunga.

Kuhusu lugha yenyewe nitapita haraka. Kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilisanifu Kiswahili juu ya msingi wa lahaja ya Unguja mjini, na malenga wa Mombasa na Lamu walinung'unika, na walikuwa na haki ya kunung'unika. Lahaja zilizobeba tenzi kwa karne mbili zikawa za kuelezwa chini ya ukurasa. Jambo hilo lina hotuba yake peke yake.

Sasa twende Unguja, kwenye santuri.

Taarabu ya Unguja ilianza kama muziki wa jumba la mfalme. Sayyid Barghash alimtuma kijana Misri kujifunza kupiga ala, na kwa muda mrefu nyimbo zilizoimbwa mbele ya wakubwa zilikuwa za Kiarabu. Mwanamke aliyeuondoa muziki huo jumbani alizaliwa Fumba, shamba, karibu na mwaka 1880, na jina alilopewa alipozaliwa lilikuwa Mtumwa, kwa sababu ndiyo hali aliyozaliwa nayo. Amri ya kufuta utumwa Unguja ilitoka mwaka 1897. Binti huyo alikwenda mjini, akajifunza kuimba, akaanza kuziimba nyimbo za taarabu kwa Kiswahili, na mji ukampa jina la heshima, Siti. Mwaka 1928, Siti binti Saad na wenzake walipanda meli hadi Bombay, wakarekodi sahani za santuri kwa kampuni ya gramafoni.

Ningependa tukae kidogo na sahani hiyo. Ilikuwa nzito, nyeusi, yenye kuvunjika ikianguka, nayo ilizunguka mara 78 kwa dakika moja. Upande mmoja wa sahani ya inchi 10 ulichukua dakika tatu hivi. Kabla ya hapo, wimbo wa taarabu ulikuwa na urefu wa shauku ya waliohudhuria: mtu akisimama kumtunza mwimbaji kwa zawadi, mshororo unarudiwa; akisimama wa pili, unarudiwa tena, na jina la mtu laweza kuingizwa humo, na mwenye kusemwa anajijua na wenziwe wanamjua. Bombay hapakuwa na wa kumtunza. Palikuwa na chombo cha kunasia sauti na fundi anayeangalia muda. Mwimbaji aliyezoea kusoma nyuso za watu alilazimika kuimba akiukabili ukimya, akimalizia pale sahani inapomalizika. Nazisikiliza sauti hizo zilizokwaruzika, na nadhani nasikia ujasiri wa aina mpya: mtu anaiamini sauti yake kwamba itafika mahali yeye mwenyewe hatafika.

Na kweli ilifika. Sahani zile zilipigwa katika migahawa ya kahawa pwani nzima. Siti aliimba juu ya mambo ya mjini mwake, miongoni mwake kisa cha mwanamume aliyeitwa Kijiti, aliyemuua mwanamke kisha akatorokea Dar es Salaam. Unguja, watu waliusikia wimbo huo kama habari ya jirani. Kwingineko, aliyeusikia hakumjua Kijiti wala marehemu, wala mtaa wenyewe. Alisikia jambo jingine: kwamba mwanamke ameuawa, na muuaji amekwenda zake. Kisa cha mtaa kikawa shutuma, na shutuma hiyo ilimfaa mwanamke yeyote mahali popote aliyewahi kuona dhuluma ikiachwa ipite. Hapa ndipo naona wazi jinsi kumwimbia mtu usiyemjua kulivyobadili fikra. Jambo linapomfikia mgeni, hupoteza majina na kubaki na haki au dhuluma iliyomo. Shaaban Robert alilielewa hilo, na ndiyo maana alimwandikia wasifu Siti binti Saad kwa uzito ambao hapo zamani ungewekewa mtawala au shujaa wa vita. Mtoto wa mtumwa aliandikiwa wasifu na mshairi mkubwa wa zama zake. Nawaomba vijana mlipime jambo hilo kwa mizani ya wakati ule.

Msidhani kwamba wanadini walikaa pembeni. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, ambaye baadaye alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alianzisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932, kwa Kiswahili na Kiarabu. Alikuwa amesoma mawazo ya wanazuoni wa mageuzi wa Misri, na aliwataka Waislamu wa pwani wasome, wawasomeshe mabinti zao, waache mila zisizo na msingi katika dini, na papo hapo wasimwige Mzungu kwa upofu. Katika darasa la msikitini mwanafunzi hukaa mbele ya sheikh wake, na adabu ya mkao huo ni nusu ya elimu. Msomaji wa gazeti hakai mbele ya mtu. Anaweza kusoma hoja mara tatu, akaikataa, akaiweka kando, akairudia usiku. Sheikh al-Amin alijua kwamba anampa uhuru huo mtu asiyemjua, na aliutoa kwa sababu aliamini hoja yake inaweza kusimama bila yeye kuwapo. Huo ni ujasiri wa Siti katika nguo nyingine.

Sanaa za mikono zilipita njia ngumu zaidi, nami nitazieleza kwa kinyago. Wamakonde walichonga mapiko, vinyago vya kuvaliwa kichwani katika ngoma za jando, na mambo yake yalikuwa siri ya waliopitia jando. Mapiko yalichongwa kwa mti mwepesi, na sababu yake ni mwili wa mchezaji: anayecheza muda mrefu na kinyago kimefunika kichwa chake hawezi kubeba mti mzito. Wakati wa ukoloni Wamakonde wengi walivuka kutoka Msumbiji kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge Tanganyika, na wachongaji miongoni mwao wakaanza kuchonga kwa ajili ya kuuza. Mti walioutumia ni mpingo, mti mzito kiasi kwamba gogo lake huzama majini. Hakuna atakayekivaa kinyago cha mpingo. Kimefanywa ili kisimame juu ya meza ya mtu, mbali, katika nchi ambayo mchongaji hajaiona. Kutoka katika mpingo huo, miaka ya 1950, Samaki Likankoa na waliomfuata walitoa mtindo wa shetani, maumbo yaliyopindika ambayo hayakutakiwa na mila yoyote wala na mnunuzi yeyote kabla hayajaonekana.

Nilipata kukaa kutwa nzima na mchongaji mmoja pale Mwenge, Dar es Salaam, mzee mwenye tezo iliyolika hadi nusu. Nilimuuliza anamchongea nani. Aliendelea kugonga kwa muda, halafu akasema, "Namchongea atakayekuja." Nikamuuliza kama haimsumbui kutomjua. Akaniambia kwamba babu yake alimjua kila aliyevaa kinyago chake, na kila aliyevaa alikuwa na neno la kusema juu ya kinyago hicho mpaka siku ya kufa. Na kwamba yeye hakuna anayerudi kumwambia neno. Alilisema bila kulalamika, kama mtu anayetaja hali ya hewa, lakini tezo ilikuwa imesimama.

Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 akiwa na ubao mwembamba wa kupigia dari, uliokatwa mraba wa futi mbili kwa mbili hivi, na rangi ya baiskeli. Wanyama wake, wenye macho makubwa na mgongo wa madoa, walinunuliwa na wageni waliokaa upande wa Msasani na Oysterbay. Alifariki mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mtu mwingine, akiwa amechora kwa miaka minne tu, akiacha jamaa na wanafunzi ambao mpaka leo jina lake ndilo jina la fani yao. Baada ya kifo chake zilienea picha zenye saini yake ambazo hakuzichora yeye. Mambo haya mawili huwa nayaweka pamoja. Saini ya kughushi haiwezekani pale ambapo mnunuzi anamjua mchoraji. Saini huhitajika na huibwa mahali ambapo watu hawajuani. Kwa hiyo mtu ambaye jina lake limeenea duniani kuliko la msanii mwingine yeyote wa rangi nchini kwetu, sura yake haijulikani hata na wengi wanaolitamka jina lake kila siku.

Nimefika Ukerewe. Euphrase Kezilahabi alizaliwa huko mwaka 1944, katika kisiwa cha Ziwa Viktoria ambako lugha ya nyumbani ni Kikerewe. Mwaka 1974 alichapisha Kichomi, diwani ya mashairi yasiyo na vina wala mizani ya kuhesabiwa, na ugomvi ukawaka ambao baadhi ya wazee waliomo humu ukumbini waliushiriki. Wanamapokeo walisema hayo si mashairi, kwa sababu hayaimbiki. Wanamabadiliko walisema vina ni pingu. Nimezisoma hoja za pande zote mbili kwa miaka mingi, na naona kila upande ulikuwa ukisema kweli juu ya msikilizaji wake. Wanamapokeo walikuwa wakimwona mtu anayesikiliza pamoja na wenzake, ambaye kina kinamshika mkono ili asipotee na kumbukumbu yake isiteleze. Kezilahabi alimwona mtu aliyeketi peke yake na kitabu, kimya, usiku, ambaye anaweza kusimama katikati ya mshororo na kurudi nyuma. Msomaji wa namna hiyo hahitaji kushikwa mkono. Anahitaji kuachwa na wazo lake. Katika riwaya ya Kichwamaji, iliyotoka mwaka huohuo, kijana Kazimoto anasimulia mwenyewe mashaka yake juu ya maana ya kuishi, na anayasimulia kwa msomaji ambaye hawezi kumtuliza. Sijui ni katika baraza gani la zamani mtu angeweza kuyasema maneno yale. Wenzake wangemnyamazisha kwa huruma, na huruma hiyo ingekuwa ya kweli, lakini wazo lingekufa.

Ningekuwa nimewapotosha kama ningewaachia dhana kwamba usasa ni kuvunja vina. Abdilatif Abdalla alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu nchini Kenya mwaka 1969 kwa sababu ya waraka wake uliouliza Kenya inaelekea wapi. Mashairi ya Sauti ya Dhiki, yaliyochapwa mwaka 1973, aliyatunga gerezani, akiyaandika kwenye karatasi za chooni, kwa Kimvita, lahaja ya Mombasa, na kwa vina na mizani ambavyo Muyaka angevipokea bila kusita. Nadhani alivishika kwa sababu mtu aliyetengwa na watu anahitaji baraza zaidi kuliko mtu mwingine yeyote, na kwa mshairi wa Mombasa baraza linaweza kubebwa ndani ya ubeti hata panapokosekana mtu wa kuketi nalo. Kina cha kati kilikuwa ni mtu wa kwanza wa kumjibu. Na maudhui yake yalikuwa ya kisasa kupita yote: haki ya raia kuiuliza serikali yake.

Ndugu Mwenyekiti, kabla sijakaa naomba nirudi kwa Mwana Kupona, kwa sababu kuna jambo nililificha makusudi. Nilisema kwamba utendi wa Mwana Kupona una msikilizaji mmoja, binti aliyekaa na wino na karatasi, na niliwafundisha hivyo wanafunzi wangu kwa zaidi ya miaka kumi. Siku moja, baada ya mama yangu kufariki, niliusoma utendi mpaka mwisho kwa sauti, kwa njia yake yeye aliyofunzwa na si kwa njia ya kitabu, na nilipofika kwenye beti za mwisho nilisimama. Mama aliye mgonjwa, baada ya kumpa bintiye wasia, baada ya dua ndefu ya kujiombea na kuwaombea wanawe, anageuza uso. Hasemi tena na binti mmoja. Anasema kwa wingi, anawaambia wanawake wote wasome, ili wapate kuyafahamu maana yake. Ilikuwa mwaka 1858, Krapf alikuwa hajachapisha kamusi yake, Msimulizi lilikuwa halijazaliwa kwa miaka thelathini, na mwanamke huyo, kitandani, alikuwa anawaita watu ambao hakuwajua.

Ahsanteni kwa kunisikiliza.